Mkono wa Pili Kifuani

Gari la ofisi halikuwa na dereva wala usukani, na kwa kuwa halikutoa sauti hata likikwama kwenye tope, watu wa Njombe walilibatiza jina la Bubu. Asubuhi hiyo Bubu lilipinda kuelekea kwa Mzee Lameck Ngailo bila kuambiwa, kama lilivyofanya kila siku kwa mwaka mmoja na nusu. Likapita nyumba saba zilizofungwa, madirisha yake yamezibwa kwa mbao za msonobari. Yusta Mahenge, abiria wake pekee, alizoea kuzisalimia kimoyomoyo. Kwa akina Mgaya. Kwa Mama Tulinagwe. Kwa mwalimu. Wote walikwishateremka kwenda mijini, na mashamba yao ya maparachichi sasa yalipaliliwa, yakanyunyiziwa na kuvunwa na mashine zisizohitaji kuamkiwa.

Kibao cha kompyuta kilichokuwa mapajani mwake kiliwaka. Sauti ya Daktari Kyando ilikuwa ya kijana aliyekwishakunywa kahawa mbili.

"Kamwene, Mama Mahenge."

"Kamwene, daktari."

"Mzee wako ana homa siku ya kumi na nne leo. Thelathini na nane nukta saba kila asubuhi. Nami nikifungua taarifa yako nakuta umeandika, 'Mashine imekosea.' Jana imekosea. Juzi imekosea. Mashine gani hiyo, mama, inayomkosea mtu mmoja tu wilaya nzima?"

"Nimemshika paji la uso. Hana joto."

"Sawa. Basi leo niandikie sababu. Nisipoipata kufikia saa sita mchana, natuma ndege imchukue alazwe. Mtu aliyepata mshtuko wa moyo hatumwachi na homa ya wiki mbili."

Yusta alisema ameelewa. Alichokuwa akikielewa hakukisema, na hiyo ilikuwa siku ya kumi na moja ya kutokisema.

Mzee Lameck alikuwa amekaa mahali pake, kwenye benchi la barazani, blanketi limemfunika kuanzia kiunoni mpaka miguuni. Juu ya magoti yake, chini ya blanketi, kulikuwa na kichuguu kilichopumua. Hicho kilikuwa Diwani, mbwa mwekundu mwenye sikio moja lililokatika.

"Kamwene, mwenye gari."

"Kamwene, baba. Umeamkaje?"

"Nimeamka. Kuamka ndiyo kazi niliyobakiwa nayo. Umechelewa dakika sita. Mheshimiwa alitaka kuitisha kikao cha dharura."

"Mwambie akidi haijatimia."

Mzee akacheka kwa pumzi, kama mtu anayepuliza moto. Kikombe cha Yusta kilikuwa tayari mezani, kimefunikwa kwa kisahani ili chai isipoe. Kwa mwaka mmoja na nusu hakuwahi kukikuta hakijafunikwa.

Yusta akafungua mkoba, akatoa vidonge viwili, cheupe na cha njano. Cheupe kililiambia ini lipunguze kutengeneza mafuta. Cha njano kilisimama mlangoni mwa utumbo na kuyazuia mafuta ya chakula yasiingie kwenye damu. Dawa ya tatu ilikuwa sindano ya mara mbili kwa mwaka, iliyolisaidia ini kuikamata kolesteroli mbaya na kuiondoa. Chuoni walifundishwa kwamba zamani mgonjwa alianzishiwa dawa moja, akasubiriwa miezi, ikishindwa akaongezewa ya pili, kisha ya tatu, na wengine walizikwa wakiwa bado kwenye foleni ya dawa inayofuata. Ndiyo maana sasa zote zilitolewa pamoja, tangu wiki ile ile ya mshtuko.

Lakini kolesteroli haiumi. Mtu hujisikia mzima, akaviacha vidonge kabatini, moyo ukasimama mara ya pili. Walipochunguza ni akina nani wanaoacha dawa, wakakuta ni wale wanaoishi peke yao. Wenye wenzao majumbani walikumbushwa, wakanuniwa, wakameza. Hapo ikatungwa Sheria ya Mkono wa Pili. Kidonge kikifika tumboni kilipeleka ishara kwenye kiraka kilichobandikwa kifuani, na kiraka hicho hakikuisajili dozi mpaka kiguswe na kiganja cha mtu mwingine, kiganja chenye joto na mapigo. Asiye na mtu nyumbani alipewa shahidi. Mgonjwa ambaye kolesteroli yake mbaya ilikaa miezi mitatu mfululizo chini ya moja nukta nne alihitimu, akaruhusiwa kujisimamia.

Mzee Lameck alikuwa amefika mwezi wa pili mara tatu. Kila mara, mwezi wa tatu, namba ilipanda.

Akatia vidonge kinywani, akapiga funda la chai, akafuta midomo kwa kiganja. Kiganja kikashuka chini ya blanketi. Yusta akafungua vifungo viwili vya shati la mzee, akaweka mkono wake kifuani juu ya kiraka. Akausikia moyo wa mzee, unakwenda kama mtu mzima anayepanda ngazi. Wakakaa hivyo wote wawili wakitazama ukungu. Hii ndiyo sehemu ambayo hawakuwahi kuipigia soga.

Kibao kikalia. Dozi imefika. Joto la tumbo, thelathini na nane nukta saba. Chini yake, kwa maandishi mekundu: *Thibitisha sababu ya homa.*

Yusta akautoa mkono.

"Baba, leo Diwani ashuke."

"Ashuke aende wapi na baridi hii?"

"Ashuke tu."

"Una ugomvi gani na mheshimiwa? Kura yako si ulimpa?"

"Vidonge vya mwezi huu ni vya shehena mpya," Yusta alisema. "Vina kipimajoto ndani. Vinasema tumbo lako lina thelathini na nane nukta saba. Mimi kabla ya kuwa shahidi nilikuwa bibi mifugo miaka kumi na tisa, mpaka ng'ombe walipoisha huku. Nimepima joto la mbwa wengi kuliko watu uliowahi kupeana nao mkono. Thelathini na nane nukta saba si homa, baba. Ni mbwa mzima mwenye afya."

Kichuguu kilitikisika. Diwani alichungulia nje ya blanketi, akajilamba pua.

Mzee alimgeukia mbwa.

"Kumbe umejichongea mwenyewe," alimwambia.

"Tangu lini?" Yusta aliuliza.

"Tangu ule mwezi wa Machi, mwaka jana."

"Unavitoa kinywani, unampa."

"Navipaka karanga kidogo. Kiraka hakina macho. Kinachotaka ni tumbo lililo karibu." Aliinua mabega. "Sindano mnanichoma wenyewe, ile sikuweza kumgawia."

Kwa hiyo mwaka mzima sindano peke yake ilikuwa ikibeba mzigo wa dawa tatu. Yusta alikumbuka namba ya mwezi uliopita: mbili nukta sita.

"Na ile miezi uliyofaulu?"

"Miezi ile nilimeza. Mtu akifeli siku zote wanamshtukia."

"Kwa nini, baba?"

Alilijua jibu. Aliuliza kwa sababu alitaka lisemwe na mtu mwingine.

"Unaikumbuka siku uliyonionyesha namba? Moja nukta tatu. Ukapiga makofi, hapa hapa. Ukasema, 'Mzee, bado mwezi mmoja tu unahitimu, hutaniona tena!' Ulisema kwa furaha, Yusta. Ulicheka mpaka jino lako la pembeni nikaliona." Mzee alilivuta blanketi. "Ulipoondoka nilikaa hapa. Nikawaza, kumbe nikipona ndiyo imekwisha. Nikaona ni afadhali nijikwae."

"Ungekufa."

"Kufa nilishaenda, nikarudi. Unajua nilivyoanguka?"

"Nimesoma faili."

"Faili haikuwepo. Nilianguka mstari wa nne wa maparachichi, saa mbili asubuhi, jua limetoka vizuri. Kifua kimebanwa, mkono huu umekufa. Ikaja ile mashine ya kunyunyizia. Ikanikuta, ikanizunguka kama kisiki, ikaendelea na kazi. Ikarudi kwa mstari ule ule. Ikanizunguka tena. Safari ya tatu ndipo ilipowaita watu." Alikuwa anamkuna mbwa nyuma ya lile sikio bovu. "Sikuogopa kufa siku ile. Niliogopa kwamba kitu cha mwisho kunipita kitakuwa mashine. Mke wangu, Mama Sekela, hayupo tena, mtoto wetu Sekela yuko Kanada ananitumia picha za theluji. Mtu anayenigusa katika dunia hii ni wewe. Dakika moja kwa siku. Sasa hiyo nayo mnataka niimalize kwa kupona?"

Bubu lilikuwa limesimama langoni, mlango wazi, likisubiri.

"Andika mafua," mzee alisema. "Kuanzia kesho nitameza."

"Ukimeza utahitimu."

"Basi nitameza nusu."

Walitazamana, na nusura wacheke. Kisha Yusta akasema jambo ambalo hakuwa amepanga kulisema.

"Nilijua tangu siku ya tatu."

Mkono wa mzee ulisimama juu ya kichwa cha mbwa. "Ulijua?"

"Niliiona namba nikaijua, kama unavyoijua sauti ya mtu nyuma ya mlango. Nikaandika mashine imekosea."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

"Kwa nini?"

Yusta alikitazama kikombe chake. Angeweza kusema alimwonea huruma. Lingekuwa jibu zuri, na lingekuwa uongo.

"Nilikuwa na watu tisa," alisema. "Wanne wamehitimu, watatu wamehamia kwa watoto wao, mmoja nimemzika. Umebaki wewe. Nikirudi nyumbani kinachonisemesha ni hiki kibao. Nikajiambia, siku moja zaidi, nitamwambia kesho. Kesho yake nikajiambia hivyo hivyo."

Mzee hakumlaumu. Alifanya jambo baya zaidi: alitabasamu, akamsogezea kikombe.

"Basi hakuna tatizo, mwanangu. Kumbe tuko wawili. Wewe unataka kuja, mimi nataka uje. Tunyamaze wote. Andika mafua, tunywe chai."

Ilikuwa rahisi kiasi hicho. Neno moja kwenye kibao, na kesho Bubu lingepinda tena kushoto. Yusta aliliona neno lenyewe, herufi tano. Aliona pia kile kipande cha mshipa wa moyo walichoonyeshwa chuoni ndani ya chupa, kimepasuliwa kwa urefu, mafuta yameganda ukutani kama nta ya mshumaa, njia ya damu imebaki tundu la kupitisha njiti ya kiberiti. Mwalimu alisema mwenye mshipa ule alikuwa anacheka na wajukuu wake saa moja kabla. Kila asubuhi aliyokuja hapa kwa mwaka mzima, aliinywa chai hii na nta ile ikaongezeka. Mzee huyu alikuwa anamlipa kwa uhai wake ili aje, naye alikuwa anapokea.

Akabonyeza kibao.

"Usinifanyie hivyo, Yusta," mzee alisema, na hakumwita mwanangu.

"Daktari Kyando," Yusta alisema. "Si homa. Vidonge anakula mbwa."

Daktari akauliza, "Rudia, mama?"

Akarudia. Akaeleza blanketi, karanga, mwezi wa Machi. Daktari hakucheka. Akasema mgonjwa wa namna hiyo huwekewa kifuko: dawa zote tatu chini ya ngozi ya bega, zikivuja kidogo kidogo mwaka mzima bila kumeza wala kumngoja mtu. Hakikupewa watu hovyo, kwa sababu kifuko hakina breki. Dawa ikileta maumivu ya misuli, mpaka mtu apasuliwe kitolewe. Ndege ingemfuata kesho saa nne, imrudishe jioni. Baada ya hapo mzee hangehitaji tena shahidi.

"Umefanya vizuri, mama. Tutakupangia Ludewa, kuna wazee sita kule wanasubiri mtu."

"Bado sijamaliza," Yusta alisema. "Nilijua. Siku kumi na moja nilijua, nikaficha."

Daktari alishusha sauti.

"Mama Mahenge, hilo hukulazimika kulisema."

"Najua."

"Nikiliandika, leseni yako inafungwa leo hii. Hakuna Ludewa."

Yusta aliwaza wale wazee sita, vifua sita, na asubuhi moja ambayo mmoja wao angemsihi kwa macho kama haya. Hakuuamini tena mkono wake. Ulikuwa umeanza kushuhudia kwa faida yake wenyewe.

"Liandike," alisema.

Mzee Lameck alikuwa amegeukia ukungu. Yusta akatoa vidonge vingine viwili, vya akiba. Akamwinua Diwani kwa kwapa, akamtoa nje ya lango na kulifunga. Mbwa akaanza kulia huko kama mtoto aliyenyimwa. Akarudi, akasimama mbele ya benchi.

"Hivi umeze kweli. Halafu fungua kinywa nione."

"Mimi si mtoto."

"Hapana. Wewe ni mbishi. Meza."

Akameza. Akafungua kinywa, akainua ulimi, macho yamefumbwa. Yusta akaweka kiganja kifuani pake kwa mara ya mwisho iliyoruhusiwa. Sekunde thelathini. Arobaini. Kibao kikalia: thelathini na sita nukta sita. Ilikuwa namba ya mtu, namba nzuri kabisa. Kisha kioo cha kibao kikawa cheusi, na jina la Yusta halikuwamo tena.

Mkono ulipaswa kutoka. Ukakaa.

"Umeniponya," mzee alisema hatimaye, akiushika kwa kifundo na kuuondoa taratibu, kama mtu anayeondoa mdudu asiyetaka kumuua. "Sasa nenda."

Siku zote alimsindikiza mpaka langoni. Siku hiyo hakunyanyuka.

Siku ya tisa baada ya hapo, Yusta alivaa raba, akatia maji na mahindi ya kuchoma kwenye kapu, akatoka nyumbani saa mbili asubuhi. Kilomita kumi na moja. Akiwa ndani ya gari hakuwahi kujua kwamba njia ile ilikuwa na milima mitatu. Magoti yake, yenye umri wa miaka hamsini na tisa, yaliijua yote mitatu moja moja. Mara mbili aliwaza kurudi. Mzee angeweza kumfukuza, na angekuwa na haki.

Alifika saa tano na nusu. Mzee Lameck alikuwa anapalilia kando ya nyumba. Alipomwona alisimama, akalitazama lango nyuma yake, akitafuta gari.

"Nani amekutuma?"

"Sijatumwa."

"Kifuko kina shida?"

"Sijui habari za kifuko. Hawaniambii tena."

Mzee aliligeuza jibu hilo kichwani kama mtu aliyepewa kifaa asichojua kinavyoshikwa. Akagusa bega lake, pale palipokuwa na kovu jipya. "Kinafanya kazi. Wamenipigia, namba imeshaanza kushuka. Misuli ya mapaja inaniuma kidogo."

"Waambie hilo. Usilifiche."

"Nitawaambia." Akatema mate pembeni. "Nilikukasirikia sana."

"Najua."

"Bado."

"Najua, baba."

Wakala mahindi wamekaa kwenye tuta, hawakuongea sana. Diwani alilala katikati yao, akimpa kila mmoja joto la upande mmoja. Jua lilipoanza kuinama Yusta akasimama, kwa shida.

"Kesho unakuja?"

Kwa mwaka mmoja na nusu jibu la swali hilo lilikuwa ndiyo, na hakuwa yeye aliyelitoa. "Kesho hapana. Haya magoti kesho hayataniinua."

"Keshokutwa?"

"Sijui, baba. Sitaki kukudanganya."

Mzee alitikisa kichwa, si kwa kukataa. Akaegemeza jembe ukutani, akaanza kutembea naye, pole pole, mkono mmoja kwenye paja linalouma. Walishuka mpaka kwenye daraja la mbao, na hapo pumzi ikamwishia, akakaa kwenye nguzo ya ukingo.

"Hapa ndipo ninapoweza kufika," alisema. "Nitakuwa nakuja mpaka hapa. Saa tano. Nitakupunguzia kilima kimoja."

"Na siku nisipokuja?"

"Nitakuwa nimetembea. Si ndivyo mnavyotaka, moyo utembezwe?"

Yusta akataka kumshika bega. Akaushika mkono wake badala yake, wote, kwa viganja viwili, kisha akauachia na kuanza kilima.

Alipofika juu aligeuka. Mzee alikuwa bado amekaa pale darajani, uso ameuelekeza njiani. Kutoka umbali ule hakuweza kujua kama alikuwa anapumzika tu, au ameshaanza kusubiri.